Sentimita Sabini

Marienbad, 5 Juni 1909

Wifi yangu Hermine,

Nimefika salama, ikiwa neno hilo linamfaa mwanamke aliyepandishwa kwenye gari la farasi na wapagazi wawili waliokuwa wakisukuma kwa adabu. Daktari amenitazama kama fundi atazamavyo nyumba iliyoinama, akaniandikia wiki nne. Saa kumi na mbili asubuhi, vikombe vitatu vya maji ya Chemchemi ya Msalaba, ambayo yana ladha ya misumari. Kisha saa mbili za kutembea huku bendi ikipiga. Kisha kipande cha mkate mkavu. Adhuhuri, nyama nyeupe isiyo na mchuzi. Jioni, matumaini.

Katikati ya njia ya matembezi ipo mizani ya hadharani. Unapanda, mpimaji anatangaza uzito wako kwa sauti, anakupigia muhuri kwenye kadi. Jana alipotangaza "Sabini na tisa!" bwana mmoja wa Budapest alinivulia kofia: "Hongera, mama. Mimi ni mia na kumi na nne." Nilicheka hadi nikatafuta pa kukaa.

Lakini kinachonishangaza ni maduka. Mji mzima unaishi kwa watu wanaopungua. Bi. Pokorny, ambaye duka lake linatazamana na hoteli yangu, anauza sketi zenye safu tatu za kulabu: ya kufikia, ya katikati, ya kuondokea. Ameniambia, "Mama, hapa hatuuzi nguo ya mwili ulio nao, wala ya mwili unaoutaka. Tunauza ya wiki hii." Nataka kununua sketi moja tu. Nisipopata nguo inayonikaa sawa sitajiona napungua. Nitajiona nimevaa gunia.

Unajua kilichonileta. Tarehe 18 Septemba kiwanda kinatimiza miaka hamsini, na mwanamke wa nyumba lazima afungue dansi na mwenye kiwanda, akiwa amevaa kitambaa cha kiwanda, mbele ya wafumaji wote. Sijausahau usiku wa dansi ya Februari, nilipoinama kumsalimia mnunuzi wa Vienna na mshono ukafunguka kuanzia shingoni hadi kiunoni. Emmerich hakunigombeza. Alisema tu mezani kesho yake, "Safari nyingine tutatumia turubai." Ulicheka, wifi, nami nikacheka. Lakini tangu siku hiyo kaka yako hajanipa mkono wa kucheza. Siku hiyo nataka anipe mkono. Sina haja nyingine.

Niandikie Božena fundi amefikia wapi na gauni.

Wifi yako akupendaye,
Valerie


Brno, 10 Juni 1909

Wifi Valerie,

Barua yako imefika. Ni ya kupendeza, na imejaa makosa.

Usinunue sketi. Nguo ni hukumu inayotolewa juu ya mwili uliotulia. Mwili unaobadilika haujafikia haki ya kuhukumiwa. Sketi ya safu tatu za kulabu ni udhuru ulioshonwa vizuri, kwa maana mwanamke aliyeachiwa safu ya kufikia atairudia. Vaa ulizokwenda nazo, uzibane kwa pini. Na hiyo mizani usiiamini. Mji unaoishi kwa watu wanaopungua utakuwa na mizani inayopunguza. Isome kadi yako kama unavyosoma sifa unazopewa na mwenye hoteli.

Kuhusu gauni: ni sufu laini ya rangi ya maji ya bwawa, yenye tarizi ya fedha mgongoni. Kitambaa hicho kimefumwa urefu wa gauni moja, na mtambo umekwisha kufumuliwa. Hakikatwi mara mbili. Kwa hiyo nimeamua, na kaka amekubali, likatwe kwa kiuno cha sentimita sabini. Wewe uliondoka ukiwa na themanini na sita, kwa kipimo cha Božena mwenyewe. Umbali ni sentimita kumi na sita. Haukuzidi uwezo wa mtu mwenye nia.

Naambatisha utepe wa kupimia, wa kitani, kutoka ofisi ya kiwanda. Tumia huu, si wa dukani. Pima asubuhi, uniandikie namba. Maelezo si lazima.

Sabini isipofikiwa, haitakuwa aibu. Kabla hujaolewa katika nyumba hii niliifungua dansi ile ya kila mwaka miaka minane mfululizo, mkono wangu katika mkono wa kaka. Miguu haijasahau.

Hermine Tausch


Marienbad, 17 Juni 1909

Wifi,

Namba: tisini.

Nimepima mara tano. Nimemwita mhudumu wa chumba apime yeye, nikafumba macho. Tisini. Nimekunywa maji ya misumari siku kumi na mbili, nimeamka kabla ya ndege, nimetazama watu wakila keki kama mtoto atazamavyo sarakasi kupitia tundu la hema, na nimeongezeka sentimita nne! Mizani inasema nimeshuka kilo tatu. Sketi yangu ya kijivu inazunguka kiunoni nikitembea. Nani mkweli?

Najua utakavyojibu. Utepe umetoka kiwandani. Kwa miaka ishirini nimemsikia Emmerich akisema kwamba sisi tunauza kipimo kwanza, kitambaa baadaye. Sina ujasiri wa kubishana na kiwanda. Ila niambie, wifi, ni nini nafanya vibaya?

Valerie


Brno, 22 Juni 1909

Wifi Valerie,

Swali lako ni jepesi. Sufu ikivaliwa kila siku hulegea. Sketi inayozunguka inatoa ushahidi juu ya sketi. Mizani nimekwisha kuieleza. Unabaki utepe, ambao hauna hoteli wala duka. Ukiwa na mashahidi watatu na wawili kati yao wana maslahi, humsikiliza wa tatu.

Unachofanya vibaya ni kula. Acha nyama. Mkate ugawe mara mbili. Na wiki nne hazitatosha. Nimemwandikia mwenye hoteli akuwekee chumba hadi mwisho wa Agosti.

Kaka aliniuliza namba mbele ya wageni, nami sina desturi ya kumficha kitu. Alipoisikia aliweka uma chini. "Tulimpeleka kwenye maji," akasema, "au kwenye maziwa?" Wageni walicheka kwa heshima.

Hermine Tausch


Marienbad, 20 Julai 1909

Wifi Hermine,

Namba: themanini na moja na nusu. Nyama niliiacha siku niliyopata barua yako. Sasa nakula mkate na supu ya maji ya karoti, na mpimaji wa mizani ananiambia sitini na sita, kwa sauti ya chini, kana kwamba ananipa pole. Simwamini tena.

Lazima nikueleze jambo, hata kama hutaki maelezo. Sketi ya kijivu naishika kwa pini kumi na moja. Jumapili, bendi ikiwa katikati ya waltz, tatu zilifunguka pamoja na sketi ikashuka hadi magotini. Mbele ya watu mia nne, wifi. Yule bwana wa Budapest alinigeuzia mgongo, akaukunjua mwavuli wake na kunikinga, akisema, "Muziki uendelee, mabwana, hapa hakuna la kutazama." Bi. Pokorny alitoka mbio na shali. "Mama wee!" akanipigia kelele. "Mume wako anafuma sufu ya nusu ya dola hii, nawe unatembea umefungwafungwa kama kuku wa sokoni! Ingia ndani nikuvike." Alinivisha sketi ya majaribio, safu ya katikati. Ilinikaa. Nilijitazama kwenye kioo nikaona mtu aliyekuwa na mwanzo na mwisho. Kisha nikaivua, kwa kuwa nilikumbuka ulichosema.

Niruhusu hiyo moja. Nywele zinabaki kwenye kitana, na usiku nasikia baridi katika mwezi huu wa Julai. Labda nikiwa na nguo ya kunikaa nitapata nguvu za kumalizia.

Valerie


Brno, 2 Agosti 1909

Wifi Valerie,

Hapana. Kioo cha duka hula mshahara wa duka.

Ili kukuondolea kishawishi cha kurudi nyuma, nimelifungua kabati lako. Nguo zako pana zote nimewapa masista wa hospitali ya maskini. Masista wameshukuru sana. Gauni lako la zambarau limetoa nguo za wasichana wawili na kitambaa kikabaki. Kwa hiyo hapa nyumbani hakuna kinachokungoja isipokuwa gauni la sabini. Naamini kuwa hali hiyo itakusaidia kufikiri sawasawa.

Kisa cha sketi nilimsomea kaka. Aliondoka mezani, akarudi, akaniuliza kama bado naikumbuka hatua ya kufungulia. Nimemjibu kwamba sijaulizwa swali hilo kwa miaka ishirini. Tulijaribu kidogo, ukumbini, bila muziki.

Ukiona umechoka, niandikie neno moja, na jambo hili litaisha kwa heshima.

Hermine Tausch


Marienbad, 27 Agosti 1909

Wifi,

Sabini na tano na nusu.

Leo nilianguka karibu na chemchemi. Waliniinua kirahisi, mtu mmoja tu, mkono mmoja. Daktari amekasirika na anataka nile mayai. Nimemwambia atazame utepe, akaniambia yeye hatibu tepe.

Neno moja ulilolitaka sikuandikii. Bado sentimita tano na nusu. Mwambie Emmerich aendelee kuikumbuka hatua.

Valerie


Brno, 7 Septemba 1909

Kwa Bi. mkubwa Valerie Tausch,

Nisamehe kwa kukuandikia bila kuitwa; mkono wangu umezoea sindano kuliko kalamu. Nimesikitika mno Bi. Hermine aliponiambia kwamba umeamua kutocheza mwaka huu na kwamba kwa hiari yako umemwachia yeye gauni. Nilisema moyoni, Bi. mkubwa ana roho nzuri, wengine tungeng'ang'ania hadi tupasuke.

Gauni limekuwa zuri hata mimi mwenyewe naliogopa. Tangu lile jaribio la kwanza, mwezi wa Juni, kiuno sabini cha Bi. Hermine hakijapanda wala kushuka, na linamkaa kama ngozi. Yeye ni mtu wa kipimo kimoja, unamjua.

Ninaloliuliza ni hili. Ile sanamu yako ya kushonea, niliyoijaza pamba kwa vipimo vyako mwaka ule ulioolewa, nikawa naiongezea pamba kila ulipoongezeka, Bi. Hermine ameniamuru niifumue na nimpelekee mti wa ndani yake. Mkono umekataa. Miaka ishirini nimezungumza na sanamu ile nikishona, nimeipa hata jina lako. Niifumue? Nitafanya usemavyo wewe.

Wako mtiifu,
Božena Navrátilová, fundi


Marienbad, 11 Septemba 1909

Mpendwa Božena,

Usiifumue. Iache na pamba yake yote, uigeuzie ukutani ipumzike.

Barua yako nimeipata juzi, siku ile ile utepe wangu uliposoma sabini. Nililia kwa furaha, nikavaa pini zangu, nikaenda kwa Bi. Pokorny kununua nguo ya kusafiria, kwani sina hata moja ya kupandia treni. Alinizungushia utepe wake. "Sitini na nne na nusu," akasema. Nikamwambia, "Bibi, umekosea, ni sabini." Akapima tena. "Mama, nimewapima watu kwa miaka thelathini. Ningeambiwa nitapike namba usingizini, ningetapika ya kweli." Nikatoa utepe wangu. Aliunyosha juu ya meza sambamba na wake, ncha kwa ncha. Pale wake ulipoandika tisini na mbili, wangu uliandika mia.

Aliuinua utepe wangu puani, akanikabidhi nami ninuse. Wewe na mimi, Božena, tumekaa na kitani maisha yetu yote. Tunajua kinavyonuka kikichemshwa, na tunajua kinavyofupika. Ndiyo sababu kiwandani hakuna anayeruhusiwa kufua utepe wa kupimia. Nani aliufua huu, sijui. Pengine ulidondoka majini. Basi ile tisini ilikuwa themanini na tatu. Na sabini niliifikia mwezi uliopita, kabla hata sijaanguka, bila mtu yeyote kunipongeza.

Sasa sikiliza kwa makini. Nimebadili nia: nitacheza. Lipunguze gauni, kiuno kiwe sitini na nne na nusu, kwa utepe wako mwenyewe, ule wenye ncha za shaba. Mbavu na mgongo vifuate. Kisha kile kitambaa cha akiba ndani ya mshono kikate chote, usiache hata upana wa kucha. Tarizi ya fedha haipendi mikunjo. Nitashuka stesheni kwa treni ya saa kumi na moja jioni, tarehe kumi na nane. Wewe lipeleke nyumbani saa kumi na mbili, lisifike mapema, na usimwambie mtu, hata Bi. Hermine. Namtayarishia mume wangu mshangao.

Valerie Tausch


Brno, 19 Septemba 1909

Bi. mkubwa wangu,

Uko wapi? Nilikungoja. Mwenye gari niliyemtuma alirudi kutoka stesheni mikono mitupu. Sijalala.

Saa kumi na mbili kamili nilifika na sanduku. Bi. Hermine alikuwa tayari na mkaja wake wa mifupa, nywele zimepangwa, akaniambia, "Umechelewa, nivike." Nikanyamaza, nikidhani utaingia mlangoni wakati wowote. Saa moja wewe hukuonekana, na Bwana alikuwa chini ameshavaa glavu. Nikafungua sanduku.

Halikumwingia, Bi. mkubwa. Tuliuvuta mkaja wanawake watatu, mpishi akaweka goti mgongoni mwake. "Vuta!" anasema. "Bi. Hermine, utazimia." "Nimesema vuta! Mwanamke wewe, umefanya nini na namba zangu?" Nikamwambia ni agizo lako, sitini na nne na nusu. Kisha akaniuliza, polepole, "Kwa utepe upi?"

Ndipo nikaelewa ulichoniandikia, nami nikajiona mjinga.

Akaniamuru niufungue mshono. Nikamwonyesha kwamba ndani hakuna cha kufungua. Kulabu kumi na nane, tulifunga kumi na moja, akajitupia shali mgongoni, akashuka. Bendi ikaanza. Pale juu ya ngazi ya ukumbi, mke wa meya alimwinamia, naye ilimbidi arudishe heshima. Akainama. Wafumaji wa nyuma kabisa waliusikia ule mlio. Mzee mmoja wa mtambo wa nne akasema kwa sauti, "Kitambaa kizima, mshono ndio uliokufa," na ukumbi mzima ukavunjika kwa kicheko. Alisimama hapo hapo. Hakukimbia. Nadhani hakujua namna ya kukimbia.

Na Bwana? Alimtazama, akatazama saa, akageuka, akampa mkono Zdenka, mke wa msimamizi wa rangi, aliyekuwa karibu naye. Yule ni mnene kuliko ulivyopata kuwa wewe, Bi. mkubwa, na alivaa kitambaa cha dukani. Walicheza vizuri sana. Watu walipiga makofi.

Gauni liko kwangu. Niambie nifanye nini nalo, na uniambie mbona hukuja.

Božena


Marienbad, 24 Septemba 1909

Wifi Hermine,

Nakuandikia kwa mpangilio, kama ulivyonifundisha.

Daktari alinikataza safari tarehe tisa, yaani siku mbili kabla sijamwagiza Božena. Moyo wangu unaruka mapigo. Anasema utaendelea hivyo, na kwamba dansi, ngazi na hasira nivihesabu kuwa vimekwisha. Nimemwambia kwamba cha tatu nimekwisha kukitumia chote.

Bi. Pokorny amenishonea gauni la sufu ya kahawia. Hakuweka safu za kulabu, ameweka moja. Linanikaa sawa begani, kifuani na kiunoni, halivuti wala halining'inii, na tangu Februari sijavaa nguo ya namna hiyo. Nalivaa kitandani.

Kaka yako ameniandikia. Anasema Zdenka anacheza vizuri, na kwamba nikirudi, nirudi na mwili kidogo. Nimemjibu kwamba nitakaa huku majira ya baridi, na kwamba wewe pia unastahili matibabu ya maji, baada ya yote yaliyokupata mbele za watu. Amekubali mara moja. Anaona aibu kukutazama mezani. Chumba chako kipo kando ya changu, kuanzia tarehe mosi Oktoba. Usinunue kitu cha kuvaa huku. Pini zangu zote utazikuta juu ya meza.

Božena ameushona mshono. Kitambaa hakikuharibika, na Emmerich anataka gauni lile lionekane katika dansi ya Februari, kwa kuwa mtambo wake umefumuliwa na hakuna jingine. Kiuno ni sitini na nne na nusu. Wewe una sabini. Umbali ni sentimita tano na nusu. Haukuzidi uwezo wa mtu mwenye nia.

Pima asubuhi, uniandikie namba. Naambatisha utepe wako.

Nimeufua tena.

Valerie Tausch